Mama Aliyemaliza Githeri Yangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nianze. Haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu wa jirani yangu, na miguu iliyogoma siku ile ni hii hii ninayoivalia viatu leo.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo imeanza. Mimi na Wafula, mwenzangu kutoka Bungoma, tulikuwa vibarua kwenye shamba kubwa la mahindi karibu na Endebess, tukilala chumba kimoja kisicho na dirisha. Msimu wa kupanda, tuligawiwa mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa nyekundu ya wadudu, na kila mtu alijua ile haipikwi. Hata kuku akiidonoa, jioni humpati.

Jumapili moja Wafula alikuwa kanisani, nami njaa ikanibana. Maharagwe mekundu yalikuwa yanachemka. Nikapapasa chini ya kitanda chake, nikapata mkebe wa mahindi, nikayamimina sufuriani gizani humo bila kuosha, nichanganye githeri. Uvivu wa kapera unaujua. Alasiri nikala sahani mbili, nikakaa mlangoni nikipiga mluzi.

Wafula akarudi. Akachungulia sufuria, akanitazama.

"Hii mahindi umetoa wapi?"

"Si ni ile ya mkebe, chini ya kitanda yako?"

Akashika kichwa. "Bana, umekufa! Hiyo ni mbegu!"

Sasa sikia. Kabla ya neno hilo nilikuwa nikipiga mluzi. Baada yake, sidhani kama dakika tano zilipita, jasho likanitoka, ulimi ukawa mzito, miguu ikafa ganzi kutoka vidoleni hadi kiunoni. Niliogopa, sitaficha. Nilimlilia mama yangu, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Wafula akanipakia kwenye baiskeli, sufuria akaifunga kwenye usukani ili daktari wa Kitale aone nilichokula. Mvua ilikuwa imenyesha. Pale mteremkoni tope likatushika, mnyororo ukakatika. Akanilaza ukingoni mwa barabara, akakimbia kutafuta trekta.

Ndipo yule mama akatokea. Sikusikia hatua zake, na kwenye tope lile hata paka angesikika. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha buluu kichwani, ndewe ya sikio la kushoto imechanika.

"Pole, baba. Unaumwa nini?"

"Nimekula mbegu, mama. Nakufa."

Akafunua sufuria, akainusa, akachuchumaa, akaanza kula. Nilitaka kumzuia lakini ulimi haukuinuka. Alikula kwa mkono, haraka haraka, mpaka akakwangua ukoko. Kisha akanionyesha kiganja chake chekundu.

"Hii ni rangi ya maharagwe tu. Simama, uende nyumbani."

Na nikasimama! Niamini. Damu ilirudi miguuni ikiwasha kama upupu. Nilipogeuka kumshukuru, barabara ilikuwa tupu, na kwenye tope kulikuwa na nyayo za Wafula na alama ya baiskeli, basi.

Nilimkuta Wafula akirudi bila trekta. Nikamwambia nimepona, kumbe yalikuwa maharagwe. Akasukuma baiskeli hadi chumbani. Akauvuta ule mkebe, akautoa nje kwenye mwanga. Punje zilizobaki zilikuwa nyekundu zote.

"Nilikuwa naiba kidogo kidogo," akasema. "Nilitaka kupanda kwetu."

Kwa hiyo ilikuwa mbegu kweli. Nikaketi kuingoja miguu ife tena. Haikufa. Daktari aliyenipima kesho yake alisema labda dawa ilikuwa kidogo. Labda. Lakini tumbo lilikuwa lile lile na githeri ile ile. Mbona neno moja liliniangusha na jingine likaniinua? Nimelifikiria jambo hili miaka yote hii, na bado sijalimaliza.

Nilipomsimulia Wafula habari za yule mama na lile sikio, aliketi chini. Mama yake alikuwa na sikio kama hilo. Mwaka wa njaa, Wafula akiwa mdogo, mama huyo alipika mbegu iliyobaki nyumbani, akaionja yeye kwanza kabla ya watoto. Hakuamka.

"Alikula yote?" Wafula akaniuliza.

"Yote. Hata ukoko."

"Ati bado ana njaa," akasema, akalia kama mtoto.

Mpaka leo nikipita duka la mbegu pale Kitale, vidole vya miguu hufa ganzi, na inanibidi niseme kwa sauti, "Ni maharagwe tu." Watu hunishangaa. Wewe usijaribu mbegu hata kwa mchezo, maana sijui wewe nani atakupitia. Ukimkuta mgonjwa, chunga neno lako la kwanza, kwa sababu mwili wake unasikiliza. Na ukipita ule mteremko msimu wa kupanda, ukaona sufuria ya githeri imefunikwa vizuri ukingoni, usiiguse. Wafula huiweka kila mwaka, na ina mwenyewe.