Ufunguo Ubaki Garini

Siku yangu ya kwanza kwenye gari la kuvuta magari yaliyoharibika sikuvuta chochote. Mkuu wa zamu, Mswidi asiyependa maneno mengi, alinitembeza kwa miguu ndani ya handaki lililofungwa kwa usafi. Juu yetu kulikuwa na mwamba, na juu ya mwamba, Stockholm nzima. Alinionyesha feni za kusukuma moshi, kamera, na vibao vya kijani vyenye mchoro wa mtu anayekimbia. Kila kibao kina namba mbili: mita hadi mlango wa dharura ulio mbele, na mita hadi ulio nyuma. Nilivisoma vyote mpaka akanicheka.

“Gari likikwama humu,” akasema, “dereva atoke, ufunguo ubaki.”

Bila ufunguo usukani hujifunga na gia haitoki. Hilo nililielewa vizuri miaka kadhaa baadaye, gari la mtu lilipozimika kwenye njia ya kutokea handakini, ambayo ina safu moja tu ya magari. Nyuma yake ilikwama ambulensi yenye mgonjwa. Nilishuka na gari la kuvuta kinyumenyume kutoka juu, nikakuta milango ya gari imefungwa na mwenyewe kasimama kwenye mlango wa dharura, ufunguo ngumini, akiongea kwenye simu kwa Kiswahili cha Kongo. Redioni mkuu wa zamu aliuliza mara mbili tunachosubiri.

“Kaka, nipe ufunguo. Nyuma kuna mgonjwa.”

Alishtuka kusikia Kiswahili, lakini hakulegea. “Mama, kule Bukavu niliacha funguo ndani ya motokari mara moja tu. Sikuiona tena. Na hii ndiyo inanipeleka kazi.”

Nikatoa funguo za nyumba yangu ya Rissne, nikamwekea kiganjani.

“Basi shika zangu. Nikitoroka na gari lako, hamia kwangu.”

Akacheka, ngumi ikafunguka. Dakika chache baadaye ambulensi ikapita.

Mkuu wa zamu alipopata habari aliniuliza kama sasa kila gari litahitaji nyumba yangu. Mimi nilizikumbuka funguo jioni, nikiwa tayari mlangoni. Nikampigia yule kaka kwa namba aliyoiandika kwenye fomu ya kuvutwa gari; alikuwa ameshapanda treni kutoka kwake Alby, ananiletea.

Nilipostaafu nilirudisha koti, redio na ufunguo wa gari la kuvuta. Ufunguo wa akiba wa nyumba yangu, niliompa mwenyewe, uko Alby hadi leo, kwa yule kaka.