Dhahabu Aliyoiona Kahindo

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umekilalia kijito nje kidogo ya Salamabila. Kahindo ameinama, maji yamemfika magotini, anazungusha beseni taratibu. Mchanga mwepesi unatoka na maji, ule mweusi mzito unabaki. Ukimsalimia sasa hivi atakuitikia kwa kichwa tu, maana beseni halitaki maneno.

Jua linapenya, na kijito chote kinameremeta. Anainua uso, anatazama kwa muda mrefu, anatabasamu.

“Leo inangaa maji tu,” anasema. “Zamani kwangu ilikuwa inangaa hata kivulini.”

Alikuja kutoka Butembo akiifuata dhahabu, na binti yake Plamedi mgongoni. Kwa hiyo hapa ni Mama Plamedi, na wengi hawalijui jina lake. Wiki njema inanunua mchele na kulipa shule. Wiki mbaya ni sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na kesho yake beseni tena.

Miaka mitatu iliyopita, ming'aro ilianza. Ilikuwa midogo, ya rangi ya dhahabu, ikielea polepole pembeni ya macho yake, hasa akiinuka ghafla. Alidhani ni uchovu, akawasimulia wenzake.

Loo, angejua! Wachimbaji wa shimo lao wanaamini kwamba mtu anayeona ming'aro amependwa na dhahabu, nayo inamwita. Octave, mwenye shimo, ambaye hapa wanamwita pedeje, yaani bosi, akamsimamisha ukingoni aonyeshe pa kuchimba. Akaonyesha, wakachimba, wakapata kidogo. Basi sifa yake ikaenea.

“Nilijisikia mutu mukubwa,” anasema. “Asubuhi naamuka, zinanizunguka polepole, niko kama ndani ya ndoto. Kichwa inauma, kifua inabana nikipanda mulima, lakini nilisema zahabu haiko ya bure.”

Walipochimba tena wakatoka mikono mitupu, ilisemwa dhahabu imehama usiku. Imani haikosi mlango wa kutokea.

Mwaka jana ndipo mambo yalipogeuka. Asubuhi moja alilikagua beseni, akaona halina kitu, akalimwaga. Octave alikuwa amesimama karibu. Aliona punje ya dhahabu, kubwa kama harage, ikiteleza na kuzama. Watu walijitupa majini wakapapasa hadi mchana. Haikuonekana tena.

“Nililia sana. Siyo juu ya zahabu,” anasema Kahindo. “Ni juu ya vile niliangalia beseni, na katikati palikuwa peusi tu. Niliogopa.”

Alipanda pikipiki hadi Kasongo, kwa Ernestine, muuguzi wa macho. Ernestine alimmulika kwa tochi yake ndogo, jicho hili, jicho lile. Kisha akaacha macho, akaanza kuuliza habari za kifua.

“Nyuma ya jicho kuna mishipa ya damu, iko myembamba kupita uzi,” alimwambia. “Yako imebanwa, ingine imevuja. Mama, hii yote unaona siyo zahabu. Iko tansiyo.”

Tansiyo ni shinikizo la damu. Ernestine alimweleza kwamba damu inayosukuma kwa nguvu huanza kuumiza mishipa midogo, na jichoni muuguzi anaweza kuitazama bila kupasua mtu. Dalili ya mvua ni mawingu: mishipa midogo ikiharibika, moyo nao uko hatarini. Akampeleka kwa daktari. Kidonge kila siku, chumvi kidogo, na asiache hata akijisikia mzima.

Miezi ikapita. Ming'aro ikapungua, ikafifia, ikaisha.

“Niseme kweli?” anauliza. “Nilizililia. Zilikuwa nzuri.”

Wiki iliyopita Octave alimjia asubuhi. Alikuwa anataka kufungua shimo jipya pale kijito kinapopinda, na hilo lingemeza kila alicho nacho.

“Mama Plamedi, acha dawa siku kidogo tu,” alimwomba. “Ming'aro irudie, utuonyeshe, kisha utakunywa tena.”

Kidonge kilikuwa kiganjani. Kahindo anakiri kwamba alisita. Angerudishiwa sifa yake, na ile dunia ya kung'aa. Lakini Plamedi bado yuko shule, na hana mwingine. Akakitia mdomoni, akanywa maji mbele ya Octave.

Octave hakukasirika. Aliketi juu ya jiwe, akafikicha macho.

“Basi nani ataniambia kama niko naona kweli?” alisema. “Pale kijito inapinda, kila asubuhi niko naona zahabu inaelea. Nilitaka na wewe uione.”

Kahindo akamsogelea.

“Nilimuuliza kitu moja tu: ‘Pedeje, na kifua inabana?’ Akaitika na kichwa.”

Shimo jipya limesimamishwa. Walipanga kwenda Kasongo siku ya soko, wawili kwenye pikipiki moja. Kahindo akawaambia na wachimbaji wengine kwamba yeyote anayeona ming'aro ajitokeze waende pamoja. Alidhani watamcheka.

Sasa mpango umebadilika. Atamwomba Ernestine apande yeye pikipiki, aje huku na tochi yake, kwa sababu karibu shimo zima limejitokeza.