Farasi Aliyechinjwa Kabla ya Baridi

Mzee Seitkali alichinja farasi wake katikati ya Novemba, kama alivyofanya baba yake, ili nyama igande ghalani na kuwalisha hadi theluji iyeyuke. Mkewe, Kunsulu, alikuwa amemsihi sana.

"Subiri, mzee wangu. Kila mwaka baridi inazidi kuchelewa."

"Novemba ni Novemba, mama. Unataka kunifundisha kazi leo?"

Siku ya tatu jua liliwaka kama la kiangazi, na nzi wakajaa ghalani. Kunsulu alisugua chumvi mpaka viganja vikamchubuka, lakini mbavu zilishageuka kijani. Jirani yao Raushan alichungulia huku ameziba pua.

"Shemeji, umewachinjia watu au mbwa?"

Hakuna aliyecheka.

Jioni Seitkali alichimba shimo nyuma ya zizi. Zamani mwezi huo ardhi iliyoganda ilitaka mtaimbo. Sasa koleo lilizama kama kwenye uji. Walipomaliza kuifukia nyama, mzee alikaa chini palepale kwenye udongo.

"Tutakula nini, Kunsulu? Na mwakani nichinje lini?"

Kunsulu akaanza kulia.