Uwanja Unaoshangilia Nyumba Tupu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hajatia maji kwenye birika, Ukasha Abdulrazaq anaburuta mguu wake wa kulia hadi sebuleni na kuweka kiganja mgongoni mwa mashine. Anasubiri kidogo, kama mama anayepima homa ya mtoto. Mgongo una joto. Anasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, ndipo anakwenda jikoni.

Mashine yenyewe ni kabati la mbao linalomzidi urefu, lenye kioo cha televisheni ya zamani, vibonyezo sita na tundu la sarafu. Ni mchezo wa mpira wa miguu. Asipokuwepo wa kuicheza, inajichezea: vijitu vya bluu vinapeleka mpira golini kwa vijitu vyekundu, uwanja mzima unalipuka kwa shangwe, kisha maandishi ya Kiingereza yanawaka na kuzimika yakiomba sarafu. Baada ya dakika nne inaanza upya. Bao ni lile lile, na wanaoshangilia ni wale wale.

Katika nyumba hii ya vyumba vitatu, nyuma ya stendi ya Kibiti, hakuna mwingine anayepiga kelele.

Fundi Ukasha, kama anavyoitwa na kila mtu hapa, ana miaka sitini na mmoja. Mchana hutengeneza redio, feni na televisheni katika kibanda chake kando ya barabara ya Kilwa. Siku nzuri anarudi na shilingi elfu kumi na tano, siku mbaya anarudi na mikono michafu tu. Kila mwezi karibu elfu ishirini na tano zinaingia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa ajili ya mashine ambayo haijamwingizia hata senti kwa miaka mingi.

"Wenzangu wanafuga mbuzi, mimi nafuga hii," anasema akicheka. "Tofauti ni kwamba mbuzi unaweza kumchinja Idi ikifika."

Ufundi wake aliupatia Dar es Salaam miaka ya tisini, kwenye ukumbi wa michezo uliojaa mashine za aina hii. Ukumbi ulipofungwa alinunua tatu kwa bei ya kutupa, akazifunga kwa magodoro na kuzipakia kwenye lori la kurudi kusini. Mkewe, Zawadi, alikaa mbele na dereva. Yeye alikaa nyuma na mashine zake njia nzima, kazikumbatia utadhani bibi harusi ni zile.

Mwaka 2003 wakafungua chumba cha michezo. Zawadi alikaa mlangoni na bakuli la sarafu za mashine, akijua kila mtoto ni wa nani na ametumwa nini. Aliyetumwa chumvi alirudishwa nyumbani na chumvi yake kwanza, ndipo akaruhusiwa kuingia.

Kisha zikaja simu. Watoto wakahamia huko, chumba kikafungwa, na mashine zikaletwa sebuleni. Miaka minne iliyopita, wiki moja kabla ya Ramadhani, Zawadi akafariki.

Fundi Ukasha anasimulia kwamba siku ya tatu ya matanga, mikeka ilipokunjwa na masufuria kurudishwa kwa wenyewe, alibaki ameketi sebuleni peke yake. Binti yake wa pekee, Yasmin, muuguzi huko Mbeya, alikuwa ameshapanda basi.

"Nikasikia saa ya ukutani," anasema. "Nimeishi na ile saa miaka ishirini, sijawahi kuisikia. Ile sauti sikuiweza. Nikanyanyuka, nikawasha mashine zote tatu."

Tangu siku hiyo hakuzizima; umeme ukikatika mtaa mzima, aliziwasha tena mara tu uliporudi.

Ukimuuliza, sababu ya kifundi anayo tayari mdomoni. Hewa ya Kibiti imebeba unyevu wa deltani, mto unapoingia baharini, hasa masika. Mashine ya zamani ikizimwa inapoa, ikipoa inavuta unyevu, na kutu inaanza kazi yake. Ukija kuiwasha, umeme unaingia kwa kishindo kwenye vifaa vilivyozeeka. Kwa ufupi, anasema, mashine ya umri huo ikilala, huenda isiamke.

Mwalimu Felix Theodory anayaona mambo kinyume kabisa. Ni mwenyeji wa Bukoba anayefundisha fizikia katika sekondari moja ya hapa, na jioni hupita kibandani kwa fundi kupiga soga. Kwake yeye, kuacha mashine ya mbao yenye nyaya za miaka thelathini ikiwaka usiku na mchana ni kukaribisha moto. Tena, picha ile ile ikikaa kwenye kioo muda mrefu, inakiunguza.

"Mzee, huitunzi, unaikesheza," alimwambia siku moja. "Hata wewe ungekeshezwa miaka minne, ungeungua."

Kuhusu kioo, fundi ameinua mikono. Maandishi yale ya kuomba sarafu yamejichora humo. Kwa mengine, bado wanabishana.

Lakini katika ubishi wao wote, hakuna aliyefikiria lililotokea Novemba mwaka jana.

Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Fundi Ukasha alikuwa akitoka uani na ndoo ya maji, akateleza ukumbini, na mfupa wa paja ukavunjika. Simu ilikuwa chumbani kwenye chaji. Yasmin hupiga kila Ijumaa, kwa hiyo alikuwa amepiga jana yake. Jumapili kibanda hakifunguliwi. Jumatatu watu wa stendi walikiona kimefungwa, wakasema fundi kaenda Dar kufuata vipuri, kama kawaida yake.

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Sebuleni mashine tatu zilikuwa zinaendelea na shughuli zao, na kila alipopaza sauti uwanja ulishangilia. Wapita njia wawili walikuja kukiri baadaye kwamba walimsikia. Walidhani ni wanaume wanatazama mechi.

"Mimi naita, yenyewe inashangilia," anasema, na hapa hacheki. "Nimelala pale siku mbili, nakunywa kwa kiganja maji yaliyobaki kwenye ndoo iliyolala ubavu, namsikia yule yule anafunga bao."

Jumatatu saa nne asubuhi, uniti za LUKU ziliisha. Mashine zote zikazimika kwa pamoja, na nyumba ikanyamaza peke yake, majirani wakiwa na umeme. Hazikupita dakika kumi, akasikia hodi mlango wa uani.

Alikuwa Bi Mwamvua Sadala, mjane mwenzake, anayepika vitumbua upande wa pili wa ua wa makuti. Anasema alikuwa na kijiti mkononi anageuza vitumbua, mara masikio yakabaki matupu. Aliviacha jikoni vikaungua.

"Mimi mtu wa Mbwera," anaeleza, kama vile hilo linatosha. "Kwetu mtu akinyamaza ghafla, unakwenda kumtazama. Huulizi."

Fundi naye ni wa Mbwera, na anajua maana yake. Msimu wa mpunga huko deltani familia huhamia shambani, kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Kutwa kazi ya watoto ni kuamia ndege: kupiga debe na kupiga ukelele wasitue kwenye mpunga. Wa dungu hili akipiga, wa dungu la pili anaitikia. Mtoto aliyepitiwa na usingizi alishtuka kumwona jirani chini ya ngazi na panga mkononi, amekuja kutazama kama ni nyoka au ni nguruwe.

Fundi Ukasha alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akimwambia apige debe asiache, watu wajue yupo.

"Nilikuwa nimesahau," anasema Fundi Ukasha. "Debe langu nikaiachia mashine inipigie. Sasa nani angejua kama mimi nipo?"

Alilazwa wiki sita. Siku moja Bi Mwamvua alikwenda kumtazama, akasimama pembeni ya kitanda na ncha ya khanga mdomoni, akamwambia jambo ambalo halikumpa usingizi. Kwa miaka hiyo yote, mara nyingi asizoweza kuzihesabu, alikuwa ametoka kwake na sahani ya vitumbua kumletea.

"Kila nikifika mlangoni nasikia watu wanashangilia," alimwambia. "Nasema, Baba Yasmin ana wageni wake, nisimsumbue. Nageuka na sahani yangu."

Fundi Ukasha aligeukia ukutani. Anakiri bila haya kwamba alilia, na kwamba mguu haukuhusika. Kilichomliza ni ile sahani.

Alipotoka hospitali, Mwalimu Felix alimsaidia kuingia ndani, kisha wakajaribu kuwasha. Mashine mbili hazikuamka, na mpaka leo zimesimama ukutani zimefunikwa shuka. Ya mpira ilisitasita, kioo kikatetemeka, halafu uwanja ukashangilia. Wote wawili walijua kwamba ubishi wa kuzima na kutozima sasa umebakiwa na mashine moja, na ndiyo hiyo aliyokuwa akiicheza Zawadi wateja wakipungua.

Kwa miezi kadhaa fundi aliiacha iwake. Akiizima anaweza kuiua. Akiiacha, inaendelea kuwafukuza watu mlangoni kwake. Mwanzoni mwa wiki hii akapiga moyo konde: kila siku, kuanzia alasiri hadi magharibi, itazimwa.

Jumanne ilikuwa siku ya kwanza. Alichemsha chai, akapanga vikombe viwili, akazima. Saa ya ukutani ikaanza. Alikaa mpaka chai ikafanya utando juu, na hakuna aliyebisha. Hakujua kwamba Bi Mwamvua alikuwa amekwenda Mtunda kwenye harusi ya mtoto wa dada yake.

"Nilijiambia, basi, watu wamenizoea hivi," anasema. "Nikasimama kuiwasha, ikagoma. Mara ya pili, ikagoma. Mara ya tatu ikakubali. Nikaona, loo, nitakosa vyote viwili."

Jana hakuizima.

Leo Alhamisi, saa kumi kasoro, adhana ya alasiri imeshapita. Vikombe ni vitatu, kimoja cha mwandishi wa makala haya. Fundi Ukasha anapapasa nyuma ya kabati, anasema bismillahi, anabonyeza swichi. Picha inajikunja, inakuwa nukta, inapotea. Kwenye kioo cheusi maandishi bado yanasomeka kwa mbali, yanaomba sarafu kwa kioo kilichokufa.

Saa ya ukutani inasikika. Barabarani lori linapita. Fundi anatazama mikono yake, na mwandishi naye anaona aibu hata kugeuza ukurasa wa daftari.

Dakika zinapita, kama ishirini hivi. Kisha kandambili zinasikika zikija upande wa uani.

"Hodi."

"Karibu, Bi Mwamvua."

Anasimama kizingitini, sahani imefunikwa kawa, macho yanazunguka sebule nzima kabla ya kumwona fundi kwenye kiti.

"Unaumwa, Baba Yasmin?"

"Siumwi."

"LUKU imeisha?"

"Ipo."

"Sasa mbona kimya?"

Fundi Ukasha anakisogeza kikombe cha tatu, kidogo tu, kuelekea upande wa Bi Mwamvua.

"Nimeizima ili uje."

Bi Mwamvua anavua kandambili. Anaingia, anachagua kigoda karibu na mlango ulio wazi, anaiweka sahani mezani na kuifunua.

"Utavila hivyo hivyo," anasema. "Vimepoa kidogo. Vilikuwa njiani miaka minne."

Chai inamiminwa. Wanazungumza habari za harusi ya Mtunda, nani alikuja na nani hakuitwa, na jua linashuka bila mtu kuiangalia saa. Adhana ya magharibi inapoanza, Bi Mwamvua anachukua sahani yake na kuaga, na fundi anajiandaa kwenda msikitini. Mashine ameiacha vilevile, na mgongo wake umeshapoa.

Mpango wake ni kuizima kila siku, saa hizo hizo. Hajui kama usiku huu itawaka.

"Ikiwaka, alhamdulillahi," anasema akitafuta viatu vyake. "Isipowaka, debe nitalipiga mwenyewe."