Miezi Minane ya Bi Pindo

Walimwita Bi Pindo kwa sababu pindo lake lilikuwa halifumuki. Sketi ya shule ingerithiwa na wadogo watatu, ikapauka, ikachanika kiunoni, lakini chini imekaa vilevile. Alishona sare miaka thelathini na mmoja, kwa cherehani ileile ya miguu. Asubuhi moja, akimpima mtoto mabega, futi ilimdondoka. Alipoinama kuiokota, mkono wa kulia ukagoma. Kiharusi.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Alisema vizuri, alitembea akiburuza mguu kidogo, lakini mkono ulining'inia kama wa mtu mwingine. Binti yake, muuguzi, akamletea kitabu cha maisha ya mchonga mihuri aliyepoteza mkono kiwandani.

"Maisha ya watu yananihusu nini, mwanangu? Yangu yenyewe yamenishinda."

"Soma tu, mama. Kisipokufaa, kifunikie glasi ya maji."

Alianza kwa uvivu, akaendelea kwa pupa. Alipofika katikati, akamwita binti kwa hasira.

"Hebu njoo! Anasema, 'Baada ya miezi minane nikaweza kuchonga kwa kushoto.' Basi! Mstari mmoja! Miezi minane mizima imekwenda wapi?"

"Labda aliona itawachosha wasomaji."

"Ndiyo ninayoitaka mimi!"

Kesho yake akaanza miezi ya kwake. Alichomeka sindano kwenye kipande cha sabuni isimame, apate kutunga uzi kwa mkono mmoja. Siku hiyo uzi haukupita. Mkasi nao, ukishikwa kwa kushoto, haukati, unatafuna. Ulitafuna mashuka mawili makuukuu. Mwezi wa tatu aliutupa ukutani, akalia, akakaa siku tisa bila kugusa kitu. Siku ya kumi akakifungua kitabu palepale kwenye ule mstari. Akawaza: huenda na yule bwana alikuwa na siku tisa zake, na amezihesabu humohumo ndani ya minane. Akainuka, akauokota mkasi.

Miezi yake ilifika kumi na mmoja. Mteja wa kwanza aliigeuza sketi iliyoshonwa kwa kushoto, akaikodolea macho.

"Bi Pindo, hili pindo limelewa."

"Limelewa, lakini halianguki."

Yule mama akacheka, akaichukua.

Tangu hapo Bi Pindo amesoma maisha ya wakunga, mabaharia, mwalimu mmoja aliyefungwa, na kila mara husimama pale mwandishi aliporuka. Tabia hiyo imehamia kwa watu. Juzi wifi yake, mjane wa miaka mingi, alisema kama kawaida yake, "Nikawalea peke yangu, wakakua."

Zamani Bi Pindo angeitikia tu. Safari hii akauliza, "Siku ya kwanza baada ya wageni wa matanga kuondoka, wifi, uliamkaje?"

Wifi akavuta kiti. Kisha akaanza kusimulia. Walikuja kushtuka jua limefika utosini, na hakuna aliyekumbuka kubandika chungu.