Siku Nilipomfisha Mama Jukwaani

Jamani, kuna aibu zinazoisha na kuna hii yangu, maana kila nikikutana na watu wa mtaani kwetu Igogo wa zama zile lazima mmoja anicheke, "Eti, marehemu hajambo?" Basi bora niwasimulie mwenyewe, msije mkaisikia kwao imetiwa chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, raha tupu: mitumba ya kila rangi, viwanda vya minofu vimejipanga kando ya ziwa, na mjini Mwanza kumefunguliwa duka la intaneti, chumba kimoja chenye kompyuta chache na foleni mpaka nje (ile mashine ilivyokuwa inakoroma kabla ya kuunganisha, mpaka leo naisikia!). Mama alikuwa anakaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikienda Ulaya, na kwa mapanki hayohayo akanisomesha mpaka chuo cha ualimu.

Mahafali yalipokaribia nikachaguliwa kusoma shukrani kwa wazazi. Mama akashona kitenge kipya.

"Utanitaja?"

"Nitakutaja mama, tena kwenye kipaza sauti."

Sasa mimi, badala ya kuketi niandike, nikaenda intaneti. Si uvivu tu, nawaambia kweli. Nilikuwa nimeandika mistari yangu kuhusu mama nikaiona ya kishamba, inanuka moshi na samaki, halafu nikakuta hotuba ya mwanafunzi wa Marekani, imepangwa vizuri, maneno yametulia, nikajisemea huyu ndiye anayejua kushukuru. Nikaichapisha. Muda wa kuitafsiri ukanibana, nikagawana na Magesa, mwenzangu wa bwenini, mimi mwanzo, yeye mwisho. Huo mwisho sikuusoma, nilikuwa napiga pasi suruali.

Jukwaani nikatiririka, makofi yakalia, nikafika kwenye karatasi ya Magesa: "Na marehemu mama yangu, aliyetuacha hivi karibuni, angefurahi kuwepo leo." Mdomo ulishatoa, akili iko njiani! (Baadaye Magesa akaniambia, "Nilijua umefiwa kweli, nikaona nisikuulize, nisije nikakutonesha.")

Shangazi yangu alikuwa ametoka Magu asubuhi ile, ameshukia stendi ya Buzuruga na kuja chuoni moja kwa moja bila kupita nyumbani, kwa hiyo aliamini alichosikia. "Mayooo! Wifi yangu amekufa na hamkunipa taarifa!" Akina mama wakamdaka, ukumbi mzima kilio. Hapo ningesema tu "nimekosea" mambo yangeisha, lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba shukrani zenyewe si zangu, mbele ya mgeni rasmi. Nikainamisha kichwa kama mfiwa. Mkuu wa chuo akachukua kipaza sauti, akatusimamisha wote tukae kimya dakika moja, na kofia ikaanza kuzunguka kukusanya rambirambi.

Ndipo mama akaingia, amechelewa kumalizia biashara, kitenge kipya kinang'aa. Alipoona watu wamesimama na machozi, naye akasimama mlangoni, akafungua fundo la khanga, akatumbukiza chake kwenye kofia, kisha akamnong'oneza jirani, na kwa ule ukimya sote tukasikia:

"Poleni jamani. Nani katutoka?"

Shangazi akageuka, akamwona, akazirai na kumwangukia mgeni rasmi.

Sikuwa na pa kujificha. Nikayasema yote palepale kwenye kipaza sauti, intaneti, Mmarekani, na ile pasi, na watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama hakucheka. Alisubiri nishuke, akaniambia taratibu, "Mimi mzima, niko mbele yako, umeshindwa kuniandikia maneno mawili. Nikifa kweli utaazima ya nani?"

Siku hizi nafundisha, na wanafunzi wangu wanachota mtandaoni kila siku. Nikiwabana wanasema, "Mwalimu, ya wenzetu yamekaa vizuri kuliko yetu." Nawaelewa kuliko wanavyodhani, na bado nawarudishia karatasi.

Mama alikuja kufariki kweli. Nikaambiwa niandike wasifu wake, nikaketi na kalamu, nikaandika na kufuta, maneno yakawa yanajirudia, na kaburini nikasoma huku nakwama. Yalikuwa maneno mabovu, lakini yalikuwa yake. Shangazi akalia tena, na safari hii hakuna aliyecheka.