Namba Tuliyoivaa Kwenye Sendofu ya Raheli

Bora nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka nyie.

Rafiki yangu Nestori alipopata mchumba Kasulu, nilichukia. Sisi washkaji wa Kibondo tumekua pamoja, halafu mtu aje atugawe? Nikasema natafuta namba isiyogawanyika, ila kwa moja na kwa yenyewe tu, tuivae kwenye sendofu ujumbe ufike.

Hesabu nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Nikaipenda 10,001, maana ukiisoma kutoka mbele au nyuma ni ileile. Nikaigawa kwa tatu, simu ikaleta desimali. Kwa saba, desimali. Kwa kumi na moja, desimali! Usingizi ukapaa. Nikawa napanda tu, najiuliza ni ipi itakayoiweza, mpaka sabini na moja. Desimali tena. Nikachoka, nikapeleka fulana zikachapwe.

Ukumbini nikashika maiki, namba kifuani.

"Hii haigawanyiki! Na sisi hivyohivyo. Asijaribu mtu!"

Raheli, bibi harusi mwenyewe, akaniuliza taratibu, "Yewe shemeji, uliigawa mpaka ngapi?"

"Mpaka sabini na moja!" nikafoka.

"Na sabini na tatu je?"

Nikatoa simu kwa hasira nimwoneshe. Nikabonyeza, nikasoma kwenye maiki, "Mia moja thelathini na saba..." Nikatafuta desimali. Hamna.

Wa kwanza kucheka alikuwa Nestori, fulana yetu ndani ya koti, mkono wake kwenye mkono wa Raheli.